Uzi maalumu: Mla-asali mdomo-nguvu wa Tasmania, ndege anayebandua magome, na namna ya kumtambua bila kubabaika

Mwanamsitu (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam.

Uzi huu nimeuandika kwa ajili ya wapenda ndege wote, ila zaidi kwa ndugu zetu walioko Australia ambao kila wiki wanatupia picha humu na kuuliza "huyu ni nani?" Picha nyingi zinafanana: ndege mdogo, kichwa cheusi, mgongo wa kijani iliyofifia, yuko juu ya mkaratusi. Majibu yanapishana kwa sababu wote tunakimbilia rangi. Leo nitamwelezea ndege mmoja tu, na nitaanza na kazi anayoifanya, kwa sababu kazi yake ndiyo inayomtaja kabla hujaona hata unyoya.

Anaitwa kitaalamu *Melithreptus validirostris*. Mimi namwita mla-asali mdomo-nguvu. Anaishi Tasmania, kisiwa kikubwa kilicho kusini mwa Australia, na visiwa vya jirani kwenye mlangobahari wa Bass unaokitenganisha na bara, basi. Hakuna sehemu nyingine duniani utakayomkuta porini. Naishi Hobart, na kati ya ndege wote wa kisiwa hiki huyu ndiye ninayempenda zaidi.

Jina lisiwapoteze. Familia yake, Meliphagidae, ina spishi zinazokaribia 190, zimetapakaa Australia, New Guinea na visiwa vya Pasifiki, na ndugu zake wengi wanaishi kwa nekta. Ulimi wao una ncha yenye nyuzinyuzi kama brashi, wanauchovya kwenye ua na kuutoa umelowa. Mdomo-nguvu amezaliwa kwenye ukoo huo, lakini riziki yake iko chini ya magome: mende, viwavi, buibui na wadudu wengine wanaojificha humo. Nekta anaigusa mara chache tu.

Kwa hiyo ukienda kumtafuta usisimame kwenye maua. Nenda kwenye msitu wa mikaratusi mirefu, wenye unyevunyevu, halafu tulia. Utasikia kwanza mkwaruzo, kisha mchaniko, kisha vipande vya gome vinadondoka juu ya majani makavu. Kundi zima likiwa kazini sauti hiyo inatoka pande kadhaa kwa pamoja. Mtu mgeni atadhani kuna mnyama anapanda mti.

Mwangalie sasa kwa karibu. Ndege ananing'inia kwenye shina, mara nyingi kichwa chini. Anachagua mahali ambapo gome limeanza kuachana na mti, anaingiza mdomo kwenye ufa, halafu anaufungua mdomo akiwa bado ndani, ufa unapanuka. Anachungulia. Kama hakuna kitu anashika ukingo wa gome na kuuvuta kwa kurudisha mwili wote nyuma, hadi kipande kinang'oka. Anakiachia kianguke, anarudi palepale, anadokoa kilichobaki wazi. Yote haya yanafanyika haraka, na akimaliza anasogea juu kidogo na kuanza upya. Nimeona mti mmoja wa *Eucalyptus viminalis*, ile mikaratusi myeupe inayoning'iniza magome marefu membamba, chini yake pamejaa vipande kuzunguka shina lote.

Ukishasikia na kuona hivyo, ndipo uje kwenye rangi:

Kichwa ni cheusi. Kisogoni kuna mkanda mweupe unaotoka upande wa jicho moja, unazunguka nyuma, unafika upande wa jicho la pili. Huu mkanda ndio alama kuu. Juu ya jicho kuna kijingozi kisicho na manyoya, rangi yake nyeupe yenye ubuluu wa mbali. Kidevuni na katikati ya koo kuna weusi, lakini pembeni mwa koo ni peupe. Mgongo na mabawa ni kijani cha zeituni, tumbo ni kijivu chenye ukahawia. Mdomo ni mweusi, mnene kuliko wa ndugu zake, umenyooka. Urefu wa mwili ni kama sentimita 15 hadi 17 na uzito ni takriban gramu 25. Dume na jike wanafanana, kwa hiyo msihangaike kutafuta tofauti.

Nitaendelea chini. Maswali karibuni.

---

Kipepeo wa Lushoto

Mkuu, uzi mzuri sana. Swali la kwanza: huyu ana uhusiano wowote na yule mlembe wetu anayewaongoza watu kwenye mizinga? Maana wote wanatajwa na asali.

---

Mwanamsitu

Hapana mkuu, hawahusiani kabisa. Mlembe ni wa familia ya Indicatoridae, ndugu zake wa karibu ni vigong'ota. Yeye anataka nta na majana ya nyuki, ndiyo maana anashirikiana na Wahadzabe kule Tanzania na Wayao kule Niassa, Msumbiji. Wao wanapasua mzinga, yeye anakula kinachobaki. Mdomo-nguvu hana habari na nyuki wala mizinga.

Wala si chozi. Chozi wetu wa Afrika ananyonya maua kama wafanyavyo wengi wa Meliphagidae, ila ni familia nyingine kabisa, Nectariniidae. Afrika hakuna hata spishi moja ya Meliphagidae. Wameishia upande wa Indonesia, huko Bali.

---

Bukini

Mwanzisha uzi, kitu kinachonishangaza ni hiki: kwa nini ndege wa ukoo wa wanywa nekta aache maua akabandue magome? Huku kwetu kazi ya magome ni ya kigong'ota.

---

Mwanamsitu

Hapo ndipo penyewe mkuu, na ndiyo sababu hasa ya mimi kuufungua uzi huu.

Australia yote haina kigong'ota hata mmoja. New Guinea pia hakuna. Kwenye misitu ya bara, upande wa kusini-mashariki, kazi ya shina imegawanywa kwa ndege wengine. Kuna *Cormobates leucophaea*, mwenye koo jeupe, anayepanda shina kwa kuruka ruka kutoka chini kwenda juu. Kuna sitela, wadogo, wanaokwenda kikundi na kushuka shina kichwa chini. Kuna na *Falcunculus*, mwenye kishungi na mdomo wa nguvu, naye anachana magome vizuri tu.

Sasa hao wote watatu, Tasmania hawapo.

Tasmania ilikuwa imeungana na bara wakati wa Enzi ya Barafu, bahari ikiwa chini. Barafu ilipoyeyuka maji yakapanda, na kwenye miaka 12,000 hivi iliyopita mlangobahari wa Bass ukakamilika. Leo upana wake ni kama kilomita 240. Ndege wengi wadogo wa msituni hawavuki maji mapana kiasi hicho. Kisiwa kikabaki na misitu mikubwa ya mikaratusi yenye magome yaliyosheheni wadudu, na waliozoea kuyafanyia kazi kule bara huku hawapo. Mdomo-nguvu ndiye aliyeishika nafasi hiyo. Mdomo wake mnene, miguu yenye kushika imara, tabia ya kuning'inia, vyote vinaeleweka ukijua nani *hayupo* kwenye msitu huo.

Mtaalamu Allen Keast aliandika mwaka 1968 kuhusu jenasi hii ya *Melithreptus*, yaani kundi la ndugu zake wa karibu kabisa, namna spishi zake zinavyogawana sehemu za kutafutia chakula. Ukikaa msituni Tasmania unauona mgawanyo huo kwa macho: mdomo-nguvu yuko kwenye shina na matawi makubwa, binamu yake mwenye kichwa cheusi kitupu yuko kwenye vijitawi na majani ya nje. Mti mmoja, spishi mbili, hawagombani.

---

Bukini

Umenikumbusha Madagaska. Nako hakuna vigong'ota, na kazi ya kutoa mabuu ndani ya miti ameichukua mnyama, aye-aye, kwa kile kidole chake kirefu chembamba. Anagonga gome kwa kidole, anasikiliza, anatoboa kwa meno, anachokonoa funza. Kumbe Tasmania kazi kama hiyo kaichukua ndege wa ukoo wa maua. Safi sana.

---

Mwanamsitu

Mfano mzuri sana huo mkuu Bukini, nakushukuru. Tofauti ni kwamba aye-aye anaingia ndani ya mbao yenyewe, huyu wangu kazi yake kubwa ni gome na mbao iliyooza. Hatoboi mti mzima.

---

Mpemba Halisi

Assalaam alaykum. Na mimi niongeze la visiwani. Pemba yetu imetenganishwa na bara kwa mkondo wa bahari wenye kina kirefu, tofauti na Unguja ambayo enzi hizo za barafu ilikuwa imeungana na bara. Ndiyo maana Pemba tuna ndege wetu wanne wa pekee: bundi wetu, ninga wetu, kinengenenge wetu wa macho meupe, na chozi wa Pemba. Unguja pamoja na ukubwa wake haina orodha kama hiyo. Je, Tasmania ina wangapi wa pekee?

---

Mwanamsitu

Waalaykum salaam sheikh. Tasmania wanahesabiwa 12 wa pekee, na wanne kati yao ni wa familia hii ya Meliphagidae. Hao wanne nawataja kwa sababu ukishawajua wote, kumtambua mdomo-nguvu kunakuwa rahisi:

Wa kwanza ni mdomo-nguvu mwenyewe.

Wa pili *Melithreptus affinis*, kichwa cheusi. Huyu ndiye anayewachanganya watu, nitamrudia.

Wa tatu *Nesoptilotis flavicollis*, koo njano. Kichwa kijivu, koo la njano iliyokolea. Hawezi kukusumbua, ukimwona koo umemaliza.

Wa nne *Anthochaera paradoxa*, mwenye vinyama vya njano vinavyoning'inia mashavuni. Huyu ndiye mkubwa kuliko wote katika familia nzima duniani, anafika sentimita 45 na zaidi. Sauti yake ni ya kukoroma na kutapika, ukiisikia asubuhi hulali tena.

Sasa turudi kwa kichwa cheusi, maana kosa liko hapa. Na yeye ni kijani mgongoni, na yeye ana kichwa cheusi, na yeye anatembea makundi, na mara nyingine wanachanganyika kwenye kundi moja majira ya baridi. Tazameni kisogo. Kichwa cheusi *hana* mkanda mweupe, weusi unashuka hadi shingoni bila kukatika. Tazameni na koo: kwake koo lote ni jeusi, na weusi huo unachomoza kidogo pembeni mwa kifua. Ni mdogo pia, mwepesi, mdomo mwembamba. Halafu mahali alipo: akiwa kwenye ncha za matawi anadokoa majani, uwezekano mkubwa ni huyo.

Shida inakuja ndege akiwa juu kabisa ya mti, wewe uko chini, unaona tumbo tu. Hapo kisogo hukioni. Msilazimishe jibu. Subirini ageuke, au sikilizeni kama kuna gome linadondoka.

---

Dada Melbourne

Shemeji zangu, mimi niko Melbourne na nina picha ya ndege mwenye kichwa cheusi, mkanda mweupe kisogoni, mgongo kijani. Kila sifa uliyotaja anayo. Ina maana wamevuka bahari?

---

Mwanamsitu

Hawajavuka dada. Nikuulize: juu ya jicho kuna rangi gani?

---

Dada Melbourne

Nimeikuza picha. Kuna kama kipande cha mwezi, chekundu.

---

Mwanamsitu

Basi huyo ni *Melithreptus lunatus*, ndugu yake wa bara. Mkanda mweupe anao, lakini ngozi ya juu ya jicho ni nyekundu au ya chungwa, na koo lake ni jeupe zaidi. Ni mdogo kuliko mdomo-nguvu. Yeye Tasmania hayupo, na mdomo-nguvu Melbourne hayupo. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa kabla ya rangi zote: uko wapi? Hilo peke yake linakupunguzia nusu ya kazi.

Picha yako ni nzuri sana dada, iweke eBird, ile tovuti ambako watu wanaandika ndege waliowaona, ukitaja mahali na tarehe. Takwimu za watu wa kawaida kama sisi zinatumika kweli.

---

Mzee wa Limuru

Nimesoma uzi wote. Mimi mashamba yangu yamezungukwa na mikaratusi, na tangu utotoni nimeambiwa ni mti wa wazungu. Huyo ndege anaishi kwenye miti hii hii?

---

Mwanamsitu

Shikamoo mzee. Ndiyo, ni jamii hiyo hiyo. Tena mmoja wapo, *Eucalyptus globulus*, asili yake ni Tasmania na kusini-mashariki mwa Australia, na ndio mti ambao ua lake ni nembo rasmi ya Tasmania. Kenya mikaratusi ililetwa mwanzoni mwa karne ya 20, sababu kubwa ikiwa kuni za kuendeshea injini za reli. Waliokuja ni miti. Ndege na wadudu waliozoeana nayo kwa maelfu ya miaka walibaki kwao.

Ukipata nafasi mzee, angalia magome yanayoning'inia kwenye hiyo mikaratusi yako. Kule kila ukanda wa gome unaoning'inia ni ghala la chakula, na mdomo-nguvu anaupekua mmoja mmoja.

---

Mzee wa Limuru

Marahaba kijana. Nitaangalia. Na huyo ndege yuko salama, au naye anaisha kama wengine?

---

Mwanamsitu

Kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, yuko kundi la wasiotia wasiwasi mkubwa, na kwenye misitu ya kisiwa kikuu bado anaonekana mara kwa mara. Lakini moyo wangu hautulii. Jimbo la Victoria na la Australia Magharibi yamesimamisha ukataji wa misitu ya asili kibiashara tangu mwaka 2024. Tasmania bado wanakata. Msitu ukikatwa na kupandwa upya, miti inarudi, lakini shina jembamba la miaka michache halina magome yenye nyufa, halina mbao iliyooza, halina matawi mazito ya kuning'inia. Ndege anayeishi kwa magome anahitaji miti mizee. Hilo haliwezi kuharakishwa kwa mbolea wala kwa mbegu bora. Mimi nasema wazi: miti mikongwe iachwe.

---

Kipepeo wa Lushoto

Nakuunga mkono mkuu. Tunalijua hilo Usambara. Hebu tuambie nani alimgundua, na kiota chake kikoje.

---

Mwanamsitu

Waliomjua kwanza ni wenyeji wa asili wa kisiwa, waliokuwa pale maelfu ya miaka. Kwenye vitabu vya sayansi aliyemwandika ni John Gould, Mwingereza, mwaka 1837, kwa kutumia ngozi zilizokaushwa zilizopelekwa Ulaya. Yeye mwenyewe alifika Hobart mwaka uliofuata, 1838, pamoja na mkewe Elizabeth ambaye ndiye aliyechora ndege wengi kwa ajili ya kazi zake. Kila nikifikiri kwamba alimpa jina la mdomo wake kabla hajamsikia akichana gome, naona alikuwa na jicho kali.

Kiota kinaning'inia kwenye vijitawi, ni kikombe cha nyuzi za magome, ndani kimetandikwa manyoya laini ya wanyama. Mayai ni mawili au matatu. Huwa wanazaliana majira ya machipuko ya kule, kwenye Septemba kuelekea Desemba. Baada ya hapo wanajikusanya makundi, na huo ndio wakati mzuri wa kuwatafuta, kundi lina kelele: mlio mfupi mkali, "chip", unarudiwa rudiwa, pamoja na yale magome yanayoanguka.

Kwa walioko Hobart, anzeni na miteremko ya kunanyi, mlima ambao ramani zinaandika pia Mount Wellington, upande wa Fern Tree. Mwenye gari aende hifadhi ya Mount Field au kisiwa cha Bruny. Chukueni darubini ya kawaida tu, na koti zito, kwa sababu mlima ule una mita 1,271 na hali ya hewa inabadilika ndani ya saa moja.

---

Mrundi wa Launceston

Ndugu Mwanamsitu, asante sana kwa mafunzo. Jana tumekwenda msituni na watoto, tukasikia magome yakianguka kama ulivyosema, tukawaona. Mkanda mweupe uko wazi kabisa. Ila kwenye kundi hilo walikuwepo wawili tofauti: kichwa cha kahawia, mdomo una rangi ya chungwa, na pembeni mwa jicho njano. Mmoja alikuwa anamfuata mkubwa kila tawi. Ni spishi nyingine?

---

Mwanamsitu

Hongera sana ndugu yangu, wewe na watoto! Hao wawili ni makinda waliokwisha kuruka. Wakiwa wadogo kichwa kinakuwa cha kahawia, mdomo na ngozi ya jicho zina njano au chungwa, na mkanda wa kisogoni haujang'aa. Weusi unakuja wanapokua. Alikuwa anapewa chakula na huyo mkubwa, au anajibandulia mwenyewe?

---

Mrundi wa Launceston

Alikuwa anajaribu. Alivuta gome mara nyingi halikutoka, akahamia tawi jingine, pale likatoka. Binti yangu anauliza kama tunaweza kurudi Jumamosi.

---

Mwanamsitu

Rudini, tena mapema, kabla upepo haujaanza. Upepo ukivuma magome yanaanguka yenyewe na hamtajua lipi ni la ndege.